Nani Atasoma?

Liko swali ambalo huulizwa kwa kicheko na hujibiwa kwa kimya: nani atasoma? Huulizwa na mwenye duka anayetaka kibao chake kiishe leo leo. Huulizwa na mchapaji aliyechoka. Na sisi tunaojaribu kuandika tunaulizwa kila tunapofungua daftari mbele za watu. Wengi hudhani swali hili ni la biashara tu. Mimi nasema ni swali la maadili, na mahali pazuri pa kulipima ni kwenye jambo dogo ambalo mtu angeweza kulipuuza kabisa asipate lawama yoyote: kuchagua aina ya herufi za Kijapani kwa ajili ya bango la hapa Dar es Salaam.

Usicheke, ndugu msomaji. Nipe dakika zako chache.

Tangu nimalize kidato cha nne najipatia riziki katika kibanda cha kuchapa mabango, kadi na fulana, na usiku naandika riwaya yangu. Alikuja mteja mmoja, muuza vipuri. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, kwa hiyo kwake maneno ya Kijapani kwenye kibao yalikuwa kama muhuri wa ubora. Alitaka jina la duka kwa Kiswahili, na chini yake mstari mmoja wa Kijapani: vipuri halisi, bei ya kweli. Maneno yenyewe hayakuwa taabu. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani, anayefundisha hisabati na ambaye huja kwetu kutoa fotokopi, aliyaandika kwa mkono wake kwenye karatasi. Likabaki suala la fonti. "Mdogo wangu," mteja akaniambia, "weka yoyote ile yenye Ujapani-Ujapani. Kwani nani atasoma?"

Alikuwa na hoja. Katika watu elfu watakaopita mbele ya duka lile, huenda asiwepo hata mmoja anayejua Kijapani. Basi swali langu ni hili: mtu anayeandika lugha asiyoijua, mahali ambapo wenye lugha hiyo hawapiti, anadaiwa nini, na anadaiwa na nani?

Kwanza tujue kinachochaguliwa. Sisi wa mjini tunaishi katikati ya herufi za Kijapani bila kuziona. Simama barabarani utazame kirikuu na Hiace zinazopita: ubavuni utakuta bado limebaki jina la duka la mikate, la kampuni ya mabomba, au la shule ya chekechea ya huko zilikotoka. Kwetu ni madoa ya rangi. Kumbe kila doa lilichaguliwa na mtu.

Kijapani huandikwa kwa mifumo mitatu ndani ya sentensi moja. Kuna kanji, herufi zilizotoka China, kila moja ikiwa na maana yake. Orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida, iliyotengenezwa upya mwaka 2010, ina kanji 2,136. Kuna hiragana, herufi laini za sauti zilizozaliwa kutokana na kanji zilizoandikwa kwa mkono wa haraka hadi zikapinda na kulainika. Wanawake wa zamani waliandika sana kwa hizo, na Murasaki Shikibu alizitumia kuandika Genji Monogatari mwanzoni mwa karne ya 11, kitabu ambacho wengi hukiita riwaya ya kwanza duniani. Halafu kuna katakana, zenye kona kali, zilizokatwa kutoka vipande vya kanji, ambazo siku hizi kazi yake kubwa ni kuandika maneno na majina ya kigeni. Mimi na wewe tukifika Japani, majina yetu yatavaa katakana.

Sasa mtu anayetengeneza fonti ya Kiswahili ana herufi 24, ukubwa na udogo wake, tarakimu na alama chache. Wa Kijapani ana maelfu. Ndiyo maana hata uchapaji wa kisasa ulifika kwao kwa jasho. Mwaka 1869 Mmarekani William Gamble, aliyekuwa akiendesha kiwanda cha uchapaji cha wamisionari kule Shanghai, alikwenda Nagasaki akamfundisha Motogi Shozo namna ya kuzalisha herufi za risasi kwa njia ya umeme. Mtindo uliosimama ukaitwa Mincho, jina linalotokana na enzi ya Ming ya China. Mistari yake ya wima ni minene, ya mlalo ni myembamba, na mwisho wa mstari wa mlalo pana pembetatu ndogo ambayo mafundi huiita gamba la samaki. Riwaya za Kijapani huvaa Mincho, zikisomwa kutoka juu kwenda chini, safu ya kwanza ikiwa upande wa kulia. Mtindo wa pili ni Gothiki: mistari yote unene mmoja, haina gamba wala pambo, inaonekana kwa mbali. Wa tatu ni Gothiki ya mviringo, ambayo ncha zake zimelainishwa kama kidole cha mtoto. Hiyo utaikuta sana kwenye vitu vinavyotaka kukupokea kwa upole. Iko pia mitindo ya brashi, na iko ya vitabu vya shule, inayomwonyesha mtoto herufi kama mkono unavyopaswa kuiandika.

Kwa hiyo hakuna fonti yenye "Ujapani" na nyingine isiyo nao. Zote ni za Kijapani. Mteja wangu alipoomba Ujapani-Ujapani, alikuwa anaomba kitu kingine: ile picha ya Japani iliyoko kichwani mwa mtu ambaye hajawahi kukutana na Mjapani, brashi nene iliyokwaruza karatasi, jua jekundu na upanga pembeni. Mjapani mwenyewe anapotaka kuuza vipuri haandiki hivyo. Anaandika kwa Gothiki nene, maana fundi ana haraka na mikono yake ina grisi.

Picha hizi za kichwani zina historia, na historia hiyo si nzuri. Mwaka 1883 kiwanda kimoja cha herufi cha mjini Cleveland, Marekani, kilitoa herufi za Kilatini zilizokatwa kama mipapaso ya brashi, kikaziita za Kichina. Hazikuwa za Kichina hata kidogo; Mchina hakuzihitaji. Zilikuwa kinyago. Kinyago hicho kikavishwa hoteli za vyakula, mabango ya dhihaka, na kila kitu kinachotoka Asia bila kubagua Mchina na Mjapani. Hata mwaka 2002 kampuni ya nguo ya Abercrombie & Fitch iliuza fulana zenye vikaragosi vya Waasia pamoja na herufi za namna hiyo, ikabidi iziondoe madukani baada ya Wamarekani wenye asili ya Asia kupiga kelele.

Kama unaona hayo ni ya Wamarekani na Waasia, tazama rafu ya vitabu vinavyoandikwa kutuhusu sisi. Mwaka 1923 Mjerumani Rudolf Koch alichonga fonti iitwayo Neuland, nene, yenye kingo zilizokatwa kama kwa panga. Hakuichonga kwa ajili ya Afrika. Lakini majalada ya vitabu vya ughaibuni yaliichukua, ikawa ndiyo herufi ya kila chenye ngoma, msitu na mtu mweusi. Na mwaka 1993 filamu ya Jurassic Park ikatumia herufi za sura hiyo kwa nembo ya mijusi wakubwa waliotoweka. Yaani herufi inayotangaza bara lako ndiyo inayotangaza wanyama wa kale. Mchoraji wa jalada hakukuchukia. Alijiuliza tu: Mwafrika gani ataliona jalada hili? Akajijibu: hakuna. Ni lile lile swali la muuza vipuri wangu, safari hii sisi ndio tusiokuwepo.

Hapo ndipo nilipoanza kuona deni. Asiyekuwepo hawezi kujitetea. Aliyepo akidharauliwa atafoka, atadai fedha yake, atakwenda duka la jirani. Asiyekuwepo anategemea dhamiri yako peke yake. Kwa hiyo "nani atasoma?" maana yake, ukiifua vizuri, ni "nani atanikamata?" Na tangu lini ubaya ukawa ubaya kwa sababu tu umekamatwa?

Basi nikaacha brashi. Lakini mambo hayakuishia hapo, kwa sababu kuna kosa jingine lisilo na kelele za brashi, na hilo linafanywa na kompyuta yenyewe.

Niliandika maneno ya mwalimu kwenye mashine, yakatokea, mteja akafurahi. Nikaiweka karatasi ya mwalimu pembeni ya skrini nikaanza kuhesabu mistari ya kila herufi, mmoja mmoja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Herufi moja ilikataa kulingana. Kwenye karatasi, upande wa kushoto palikuwa na mstari unaoshuka kisha unakunja kona kwenda kulia, kama mkono unaokinga kisanduku kisianguke. Kwenye skrini mkono huo haukuwepo. Kisanduku kilikaa tu juu ya mstari mnyoofu. Nilimsubiri mwalimu aje. Akatazama, akacheka kwa adabu, akaniambia: hiyo ni sura ya China.

Sababu yake ni hii. Wataalamu wa Unicode, mpango wa kuipa kila herufi ya dunia namba moja katika kompyuta, waliunganisha mwaka 1992 kanji za China, Japani na Korea: herufi zenye asili moja zikapewa namba moja, hata kama nchi hizo zinaziandika kwa tofauti ndogo. Namba ni ile ile, sura inategemea fonti. Mashine isiyo na fonti ya Kijapani huazima ya Kichina bila kukuuliza. Maneno yanasomeka, ila machoni mwa Mjapani yana kitu kilichoteguka.

Na herufi iliyoteguka ilikuwa ipi? Ilikuwa ile yenye maana ya "nyofu", iliyo halisi ndani ya neno lao la ukweli na uaminifu. Bango la bei ya kweli, na neno la kweli ndilo lililovaa nguo ya kuazima! Riwaya ingesema hivyo mngeniambia nimetunga.

Dawa yake haikuwa ghali. Mwaka 2014 Google na Adobe walitoa bure fonti ya Gothiki kwa lugha hizo, kila faili likiwa na maumbo 65,535, na matoleo ya Kijapani, Kikorea na Kichina yakiwa yametenganishwa. Nikachukua toleo la Kijapani, Gothiki nene. Mkono ukarudi mahali pake.

Najua watakaonipinga. Mshikaji wangu mmoja, mchoraji, aliniambia: "Wewe unajitia ulokole wa herufi. Vijana wa Tokyo wenyewe wanavaa fulana zenye Kiingereza kisicho na kichwa wala miguu, na Waingereza hawajafa." Ni kweli. Pambo nalo ni haki ya watu, na lugha si kioo cha msikitini kwamba ukiigusa unaichafua. Fulana ile haidai kitu. Inacheza tu, na kila mtu anajua inacheza. Lakini bango langu lilidai. Lilisema: vipuri hivi ni halisi, bei hii ni ya kweli. Anayeapa kwa lugha ya mwenziwe hana ruhusa ya kuifanya mchezo.

Mwingine ataniambia kwamba huku kung'ang'ania sura sahihi ni umwinyi wa wasomi. Hapo nitamjibu kwa mifano ya Wajapani wenyewe, maana wao wanajua zaidi yetu kwamba usahihi si fimbo. Tarehe 1 Aprili 2019 serikali yao ilipotangaza enzi mpya ya Reiwa, watu waliulizana herufi ya kwanza ya jina hilo iandikwe vipi, kwa sababu vitabu vya chapa vina sura moja na mkono wa shule una nyingine. Jibu lilikuwa limeshatolewa mwaka 2016 katika mwongozo wa idara yao ya utamaduni: zote mbili ni sahihi. Tena, barabara kuu yao ya kwanza ya mwendo kasi ilipofunguliwa mwaka 1963, mabango yake yaliandikwa kwa herufi maalumu ambazo kanji zake zenye mistari mingi zilipunguzwa mistari makusudi, ili dereva anayekimbia asome jina la mji kabla hajalipita. Herufi hizo zilitumika miaka mingi, hadi mwaka 2010 mabango mapya yalipoanza kutumia fonti iitwayo Hiragino.

Tafakari hapo. Fundi wa barabara alitoa mistari kwenye herufi, na kompyuta yangu nayo ilitoa mstari. Kitendo ni kimoja, lakini kiadili ni mbingu na ardhi. Yule aliutoa kwa sababu alikuwa anamfikiria msomaji: kasi yake, macho yake, uhai wake. Huku ulitoka kwa sababu hakuna aliyekuwa anamfikiria mtu yeyote. Kwa hiyo kipimo changu si "je, herufi imefuata sheria?" Kipimo ni "je, palikuwa na msomaji kichwani mwa aliyeichagua?"

Tena sisi watu wa pwani tuna sababu yetu ya kulielewa jambo hili, na sababu hiyo imo makabatini mwa mama zetu. Katika karne ya 20, kanga nyingi zilizovaliwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zilichapwa mbali: India, Uingereza, Uholanzi, na Japani pia. Fundi wa Kijapani aliyepanga jina la kanga hakujua Kiswahili. Mbele yake palikuwa na karatasi ya agizo tu, yenye mafumbo ambayo kwake hayakuwa na sauti. Naye angeweza kusema: huku Japani nani atasoma? Zipo kanga zilizofika na herufi iliyoruka, ni kweli, na mama zetu wakacheka. Lakini nyingi zilifika na neno lake zima, kwa herufi kubwa zilizonyooka, ili mwanamke akipita uani jirani yake asome kwa mbali na ujumbe umfikie barabara. Mtu asiyetujua alitubebea maneno yetu kwa uangalifu, na ugomvi wetu wa uani ukaenda vizuri. Hilo nalo ni deni, na madeni ya namna hii hulipwa kwa mwingine.

Sasa nirudi kwetu sisi tunaoshika kalamu, maana sikuandika haya ili niwafundishe kutengeneza mabango.

Katika riwaya yangu yumo mvuvi wa Mafia. Mvuvi huyo hatasoma kitabu changu. Pengine hatajua kama kiliandikwa. Wasomaji wangu watakuwa vijana wa mjini kama mimi, ambao jahazi wameliona kwenye kalenda. Nikiuita mlingoti foromali, au nikimpa mvuvi wangu demani aishike kama kamba ya nanga, hakuna hata mmoja wao atakayenishtukia. Mhariri hatanishtukia. Sura itapita, pengine itasifiwa. Lakini nitakuwa nimemvalisha mtu yule Neuland yangu mwenyewe. Nitakuwa nimechukua bahari yake kama pambo la sentensi zangu, kwa kuwa nina hakika hayupo hapa kunisahihisha. Ndiyo maana mwezi uliopita nililipa nauli hadi soko la samaki Feri, nikakaa na mzee mmoja wa chomboni mchana kutwa nikimuuliza majina ya kamba. Aliniuliza zinanisaidia nini. Nikamwambia naandika. Akasema, "Haya, andika vizuri basi."

Wenzangu, tunaulizwa nani atasoma Kiswahili chetu, nani atanunua, nani atachapa. Wengine wetu tumeanza kulijibu swali hilo kwa kulegeza kazi: hakuna atakayesoma, basi sura ya tano ipite na makosa yake, mhusika wa kike abaki kivuli, neno lisilojulikana maana liachwe pale pale liremeshe. Mimi naona tumelishika swali kwa ncha. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji hafagii uwanja kwa kuwa mgeni ameshapiga hodi; anafagia kwa kuwa mgeni anaweza kuja, na akija hapaswi kukuta takataka. Msomaji ana haki zake kabla hajafika. Na yule unayeandika habari zake ana haki hata kama hatafika kamwe.

Kibao kile kimetundikwa. Mstari wa chini una Gothiki nene ya Kijapani, na herufi ya unyofu ina mkono wake. Mteja alilipa bei ile ile na hakuona tofauti. Sina hakika kama yuko Mjapani aliyekwishapita pale. Kama hajapita, bango halijapungukiwa na kitu: linasema ukweli wake hata barabara ikiwa tupu. Wenye maoni tofauti, kalamu mnazo.